Kura iliyokosekana nyumbani kwa mjumbe

Asubuhi ya Jumatano, Novemba 27, 2024, bibi mmoja wa Igogo, jijini Mwanza, alitolewa ndani akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Vijana wanne walishika miguu ya kiti, wawili mbele na wawili nyuma, wakaanza kuteremka naye katikati ya mawe kuelekea kituo cha kupigia kura. Mkwewe alifuata nyuma, mkononi ana kanga ya akiba na chupa ya maji. Mbele yao, akiwaonyesha vijana mahali pa kukanyaga, alitangulia mwana wa bibi huyo, fundi mwashi anayeyajua mawe ya kilima kile kama anavyoijua mifuko ya suruali yake.

Walioiona familia hiyo kutoka chini barabarani waliipenda. Mama mtu mzima, upande mmoja wa mwili umepooza, anabebwa kwenda kumpigia kura mke wa mwanawe, na mwana mwenyewe ndiye kiongozi wa msafara. Wapo waliopiga makofi.

Kilichofichika ni kwamba fundi yule hakuwa na kura ya kupiga. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wapigakura wa mtaa. Yeye alijua. Mkewe naye alijua, tena kwa mwezi mzima. Na kila mmoja alikuwa akidhani mwenzake hajui.

Asiyeifahamu Igogo ni vyema aambiwe kidogo, kwa sababu bila mawe yale kisa hiki hakieleweki. Barabara ya Kenyatta inatoka katikati ya jiji, inapita Igogo, inaendelea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Upande mmoja kuna ziwa, bandari ya Mwanza Kusini na viwanda vya samaki. Upande wa pili kilima kinapanda ghafla, na nyumba zinapanda nacho. Kuna nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ni jabali. Kuna nyingine imekaa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia. Mtu wa kule juu akinunua mfuko wa saruji chini, bei ya mfuko ni moja na bei ya kuupandisha ni nyingine. Gari halifiki. Pikipiki inafika mahali, kisha dereva anakwambia, "Mama, hapa mwisho wangu."

Mgonjwa anashuka kwa mgongo wa mtu au kwa kiti. Jeneza nalo linashuka hivyo hivyo, na siku ya mvua waombolezaji huacha kulia kwa muda ili watazame miguu yao.

Mwishoni mwa 2023 mvua zilinyesha mfululizo. Usiku mmoja bibi alianguka akiwa anakwenda msalani, na walipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande. Ilibidi ateremshwe usiku ule ule. Kiti kikaletwa, majirani wakaamka, tochi za simu zikawashwa. Katikati ya njia kijana mmoja aliteleza. Bibi hakuanguka, lakini mguu wake, ule ambao tayari ulikuwa hauna nguvu, uligonga jiwe na kuchanika. Hospitali daktari alishughulikia kiharusi, na pembeni muuguzi akashona mguu.

Mkwewe hakulala siku tatu. Ni mama wa watoto wanne, muuza samaki wa kukaanga na mapanki pale chini jioni, watu wanapotoka kazini. Aliporudi kwenye biashara yake alianza kumwambia kila mteja habari ya ngazi. Si barabara, maana barabara kule juu ni ndoto. Alitaka ngazi za zege, pana kiasi cha watu wawili kupishana, zenye mfereji pembeni wa kupitisha maji.

Akalipeleka suala hilo kwenye kikundi cha wanawake wa kuzikana. Akalipeleka kwenye mkutano wa mtaa, ambako aliambiwa alete kwa maandishi. Akaleta kwa maandishi. Akaambiwa asubiri. Alisubiri masika, akasubiri kiangazi. Mwezi wa tisa 2024 aliacha kusubiri, akaenda kwenye ofisi ya tawi la chama chake na kusema anataka kugombea ujumbe wa kamati ya mtaa, nafasi za wanawake.

Hapo ndipo matatizo ya nyumbani yalipoanzia.

Watu wengi wakisikia neno uchaguzi huwaza rais na wabunge, mabango barabarani na helikopta. Lakini kwa familia ya kawaida ya mjini, kiongozi anayeingia mpaka sebuleni ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Kijana akitaka kazi, mwajiri anataka barua ya mtaa. Mtu akikamatwa, mdhamini anatakiwa barua ya mtaa. Mkopo, barua. Wenye nyumba na wapangaji wakigombana, mtaa. Mume akimfungia mke nje saa sita usiku, mke huenda kugonga kwa mjumbe. Rais hajui kama bomba la jirani linamwaga maji kwenye msingi wako. Mjumbe anajua, na akijifanya hajui utamwonyesha kwa kidole.

Pamoja na yote hayo, kazi yenyewe haina mshahara. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa, ana mshahara wake. Mwenyekiti hutegemea posho, na mjumbe hutegemea shukrani, ambazo haziungwi mboga.

Kwa hiyo fundi aliposema hataki, hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alikuwa na hoja. Alimwambia mkewe jikoni, watoto wakiwa wamelala:

"Mama watoto, wewe unauza samaki mpaka saa tatu usiku. Ukirudi hapa umechoka. Sasa kuanzia saa tatu ndiyo utaanza kuamua ugomvi wa watu?"

"Nitaamua wa mchana. Wa usiku utasubiri asubuhi."

"Ugomvi wa usiku hausubiri asubuhi. Na wanaokuja kugonga ni wanaume. Mimi nitasema nini, niitike au nilale?"

"Utaitika, useme anakuja."

Hakuitikia hilo. Alikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema siku ile. Miaka ya nyuma, mjumbe mmoja aliyemfahamu alishika michango ya watu, hesabu ikakosekana kidogo, na mpaka leo watoto wa mjumbe huyo wanaitwa kwa jina la fedha ile. Fundi alizijua fedha za ngazi zilikuwa wapi. Zilikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Mke akafanya jambo ambalo wanawake wa Kisukuma wamelifanya tangu enzi. Aliacha kuzungumza na mume, akaenda kuzungumza na mama mkwe.

"Mayu," alimwambia, "nataka kugombea, na mwanao hataki."

Bibi kwa sasa husema kwa shida, maneno yanatoka yamekatwa. Aliutazama mguu wake wenye kovu, akasema, "Niandikeni."

Uandikishaji ulianza Oktoba 11 na kufungwa Oktoba 20. Familia nyingi zilichanganyikiwa hapa, na si ajabu. Miezi michache kabla, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa imepita Mwanza kuboresha Daftari la Kudumu, lile la kura za rais, wabunge na madiwani. Watu walipiga picha, wakapata kadi. Kisha Oktoba wanaambiwa tena wakajiandikishe. Ilikuwa orodha nyingine, ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa ajili ya viongozi wa mitaa, vijiji na vitongoji peke yao. Mwenye kadi mpya mfukoni alihisi anasumbuliwa bure. Hata hivyo, nchi nzima walijiandikisha watu zaidi ya milioni 31.

Isitoshe, kulikuwa na suala la mazoea. Uchaguzi huu huja kila baada ya miaka mitano, lakini ule wa Novemba 2019 katika sehemu nyingi haukupigiwa kura. Vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na viongozi wengi wakatangazwa kupita bila kupingwa. Malalamiko ya kuenguliwa yalirudi tena 2024. Matokeo ya hayo kwenye familia hayazungumzwi sana. Mtu aliyempigia kura mwenyekiti wake mara ya mwisho Desemba 14, 2014, halafu akakaa miaka kumi, anasahau hata mlango wa kuingilia. Mtoto aliyekuwa darasa la pili sasa ana umri wa kupiga kura, na hajawahi kumwona baba yake akichagua kiongozi wa mtaa.

Fundi alikuwa mmoja wao. Siku za mwanzo aliamini kwa moyo mweupe kwamba kadi yake inatosha. Siku ya nane binti yake mkubwa akamwambia, "Baba, kadi hiyo ni ya mwakani. Hii wanaandika jina kwenye kitabu." Akasema atakwenda.

Siku ya tisa walimshusha bibi kwa kiti, akaandikwa. Wazee na wagonjwa hawakukaa foleni. Fundi alikuwa kazini Nyegezi siku hiyo, akiinua ukuta wa mtu. Jioni alipita mbele ya kituo akirudi. Foleni ilikuwa na watu watatu. Alisimama na begi lake la vifaa begani, mwiko na pimamaji vinachomoza, akatazama. Kisha akapanda kilima.

Wakati wa kula mkewe aliuliza, "Umejiandikisha?"

"Ndiyo," akasema, akachovya ugali.

Uongo ulikuwa ni neno hilo moja tu. Msomaji aliyeishi katika ndoa anajua kwamba neno la namna hiyo halina uzito siku linapotamkwa. Uzito huja baadaye.

Uandikishaji ulipofungwa, orodha zilibandikwa ili wakazi wazikague. Wagombea ndio wanaozisoma kuliko wote, maana pale ndipo wanapohesabu watu wao. Mama akasimama mbele ya ukuta, akashusha kidole jina kwa jina. Akamkuta mama mkwe. Akajikuta mwenyewe. Akamkuta binti yake, mpigakura mpya. Akamtafuta mumewe kwa jina lake, akamtafuta kwa jina la baba yake, akamtafuta kwa jina la ukoo, akirudia kurasa kutoka mwanzo. Jirani mmoja akamuuliza, "Unamtafuta nani?" Akasema, "Sitafuti mtu. Nahesabu."

Muda wa kuandikwa ulikuwa umekwisha. Alirudi nyumbani, akapika, na hakusema kitu.

Kwa nini hakusema? Mashoga zake wa kikundi, walipokuja kulijua jambo hili baadaye, walimlaumu. Mmoja alisema angemwaga maji ya ugali sakafuni. Yeye aliwajibu kwamba alikuwa na siku saba za kampeni mbele yake, Novemba 20 hadi 26, na hakutaka kuanza kampeni na ugomvi wa chumbani. Jibu hilo ni la mwanasiasa. Labda ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi. Aliogopa kuuliza, kwa sababu angeuliza angejibiwa.

Kampeni zikaja. Kila asubuhi alizunguka nyumba kwa nyumba na wenzake, anapanda juu, anateremka. Hakuwa na hotuba. Alikuwa akifika kwenye njia mbaya anasimama pale pale, anaomba watu watazame chini. Kwenye kijiwe cha mafundi walimtania mumewe: "Mheshimiwa mume wa mjumbe, leo nani anapika?" Alicheka nao. Nyumbani alikuwa mpole kupita kawaida, anafua, anateka maji bila kutumwa. Mtu mwenye deni huwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa deni lenyewe.

Ikafika Jumatano ile ya Novemba. Ilikuwa siku ya mapumziko, vituo vikafunguliwa saa 2:00 asubuhi. Bibi akafikishwa, akapigwa kipaumbele, akaingia na mjukuu wake aliyemsaidia kuweka alama. Mke akapiga kura. Fundi akasema anakwenda kununua vocha, akapotea kama dakika ishirini, akarudi akifuta jasho. "Tayari?" akauliza. Wote wakasema tayari. Msafara ukapanda.

Saa sita mchana simu ikalia. Alikuwa dada yake fundi, yule mdogo wao anayeishi Manchester, Uingereza, ambako anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Bibi akataka kusikia sauti ya mwanawe, kwa hiyo simu ikawekwa spika, juu ya stuli, katikati ya familia.

Dada huyu ana hadithi yake ya uchaguzi ambayo huipenda. Mei 2, 2024, jiji la Manchester lilichagua madiwani. Lina kata 32, kila kata ina madiwani watatu, na mwaka ule nafasi moja ya kila kata ndiyo iliyopigiwa kura. Yeye si raia wa Uingereza. Lakini sheria ya kule inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi nchini humo kihalali kujiandikisha na kupiga kura, na Tanzania ni mwanachama tangu uhuru. Tangu 2023 vituo vya kule vinadai kitambulisho chenye picha, na pasi ya kusafiria ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika. Akaingia kituoni na pasi yake ya Tanzania, akapewa karatasi, akapiga. Vituo vinafungwa saa 4:00 usiku, hivyo alikwenda baada ya zamu yake. Alichokuwa akikitaka kwa diwani hakikuwa kikubwa: takataka zizolewe kwa wakati, na pesa za matunzo ya wazee zisipunguzwe, maana halmashauri ya jiji ndiyo yenye jukumu hilo, na wazee hao ndio ajira yake.

Siku ile alikuwa na furaha. "Mama, umepiga kura?" Bibi akasema neno moja, "Nimepiga." Watoto wakashangilia. "Wifi, je?" "Nimepiga, wifi yangu, nimejipigia mwenyewe!" Wakacheka.

"Na wewe kaka? Mimi huku mgeni nimempigia Mzungu kura hata simjui. Wewe umempigia wifi yangu?"

Chumba kikanyamaza. Fundi akakohoa. Akaitazama simu, akaitazama miguu ya stuli. Binti yake mkubwa akamtazama yeye.

Mkewe akainama karibu na simu, akasema kwa sauti ya utani, "Wifi, we! Kura ni siri."

Dada kule akacheka mpaka mtandao ukakatika. Ndani ya nyumba ya Igogo hakuna aliyecheka tena. Fundi akainua macho, akamwona mkewe anamtazama, na hapo akajua kwamba mkewe anajua.

Kura zilihesabiwa baada ya saa 10:00 jioni. Mama alishinda ujumbe, na si kwa tofauti ndogo. Kura ya mumewe isingebadili chochote. Watu walimbeba kidogo, wakaimba, wakamshusha haraka kwa sababu ya mawe.

Usiku, nyumba ilipotulia, fundi alianza mwenyewe.

"Nilifika pale. Siku ya tisa. Foleni ilikuwa fupi."

"Ehe."

"Ningeandikwa ndani ya dakika tano. Nikaona, ukikosa, utarudi kwenye shughuli zako kama zamani, na mimi sitakuwa nimekukataza."

"Ungenikataza tu."

"Ningekukataza ningeonekana mume mbaya."

Mke alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema maneno ambayo fundi ameyarudia kwa rafiki yake mmoja, na ndivyo yalivyotoka nje. Alisema kura haimuumi. Wapo watu wengi wa mtaa ule ambao hawakumpigia, na kesho atawaandikia barua zao kama wengine. Kinachomuuma ni ile "ndiyo" ya wakati wa kula. Alisema, "Kila nikikuuliza kitu sasa, na ukisema ndiyo, nitakwenda ukutani kutafuta jina."

Wakalala. Hakuna aliyeomba msamaha usiku ule, na wale wanaodai kwamba wanandoa wasilale kabla ya kumaliza ugomvi pengine hawajawahi kushinda uchaguzi na kuuza samaki siku moja.

Wiki zilizofuata zilikuwa na baridi yake. Fundi alikuwa sahihi kuhusu usiku: mlango uligongwa. Mara ya kwanza ilikuwa saa 8:00, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na jicho limevimba. Aliyeitika alikuwa fundi. Akasema, "Anakuja." Akavaa viatu, akachukua tochi, akatangulia mbele ya mkewe bila kuombwa, akasubiri nje ya nyumba ya wagomvi mpaka mambo yalipokwisha. Njia nzima ya kurudi hawakuzungumza.

Fedha za kwenye kopo zilihesabiwa mbele ya kikundi, zikaandikwa, zikapelekwa benki kwa majina ya watu watatu. Hilo mke alilifanya wiki ya kwanza. Hakumwambia mumewe kwamba alikuwa ameijua hofu yake.

Mwezi wa kwanza ngazi zikaanza, hatua za chini tu, kwa kadiri ya fedha. Vijana walisomba mchanga na kokoto, wanawake wakasomba maji. Fundi aliyeletwa alitoka Mkuyuni.

Kijiwe kizima kiliona. Mjumbe ana fundi ndani ya nyumba yake, analala naye kitanda kimoja, halafu anaita fundi wa Mkuyuni. Mume alisimama mlangoni siku mbili, mikono nyuma, anatazama kazi ya mwenzake. Siku ya tatu ilinyesha mvua ya saa moja, na maji yakashuka juu ya ngazi mbichi, yakageuka, yakaelekea moja kwa moja mlangoni kwa mjane mmoja. Fundi akaingia ndani, akatoka na pimamaji. Akamsalimia fundi wa Mkuyuni kwa heshima, kama mafundi wanavyosalimiana, akapiga magoti, akaiweka pimamaji juu ya zege. Yule wa Mkuyuni akatazama, akasema, "Kweli kaka, imelala." Wakavunja hatua mbili, wakaanza upya pamoja. Malipo yalibaki ya mtu wa Mkuyuni. Mjumbe alipita pale na ndoo ya maji, akaiweka chini, akaendelea na safari yake.

Kisha, mwezi wa pili, fundi akapata kazi ya miezi sita kwa mkandarasi. Masharti yalikuwa yale yale ya siku zote: kitambulisho, wadhamini wawili, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi.

Alikwenda ofisini asubuhi, kama mkazi mwingine yeyote, akakaa kwenye benchi. Mtendaji alikuwa mgeni, amehamishiwa pale hivi karibuni. Aliuliza jina, akaandika. Akauliza amekaa mtaani miaka mingapi. Fundi akasema tangu azaliwe. Mtendaji akafungua kitabu cha orodha ya Oktoba, ambacho alikuwa akikitumia kuwajua watu wa mtaa wake mpya, akashusha kidole.

"Mbona sikuoni hapa?"

Fundi akajikuna shingo. Wajumbe wawili walikuwa zamu ile, mmoja wao ni mkewe, amekaa kwenye meza ya pembeni na karatasi za mgogoro wa bomba. Mtendaji akamgeukia.

"Mheshimiwa, huyu bwana anasema ni mkazi wetu, lakini simuoni kwenye kitabu. Unamfahamu?"

Mjumbe akainua uso, akamtazama yule mtu tangu viatu vyenye saruji mpaka kofia.

"Namfahamu," akasema. "Anakaa kwangu."

Mjumbe wa pili akaangua kicheko, mtendaji akachelewa kuelewa, kisha naye akacheka na kuvuta karatasi. Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Fundi akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akarudi kukaa kwenye benchi. Mbele ya meza ya mkewe kulikuwa na watu watatu wanaosubiri, na yeye akasogea kumpisha wa nne.